Fileti ndani ya pestri: iive mpaka katikati

Kuna siku ambazo familia ya mjini haitaki nyama choma wala pilau. Mtoto amehitimu katika Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, wazazi wametimiza miaka 25 ya ndoa, au wakwe wanatarajiwa jioni kwa mara ya kwanza. Mwenye nyumba anataka kuweka mezani kitu ambacho wageni hawajakizoea. Mojawapo ya mapishi yanayochaguliwa siku kama hiyo ni fileti nzima ya ng'ombe iliyofungwa ndani ya pestri na kuokwa mpaka pestri ikapata rangi ya dhahabu. Katika mahoteli makubwa huitwa Beef Wellington. Wengi hudai kwamba jina hilo ni la yule jemadari wa Uingereza aliyemshinda Napoleon huko Waterloo mwaka wa 1815, ingawa hakuna ushahidi kwamba aliwahi hata kuionja.

Mpishi wa Nakuru hana haja ya kuliogopa pishi hili. Ngano inalimwa Njoro na Mau Narok, maziwa na siagi ni vitu vya huku huku, na ng'ombe hawana idadi. Hata hali ya hewa inasaidia. Pestri hutaka siagi ibaki baridi na ngumu, na jioni ya Nakuru, mji ulio karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ni rafiki wa kazi hiyo kuliko jioni ya Mombasa. Mpishi wa Molo ana bahati zaidi.

Shida iko kwenye agizo moja ambalo karibu kila kitabu cha upishi cha Ulaya hulitoa: kwamba nyama iondolewe motoni katikati ikiwa bado nyekundu na yenye damu. Msomaji anayefuata kitabu neno kwa neno huona kwamba akiivisha zaidi ameharibu. Kwa afya ya wageni wake, agizo hilo halifai kufuatwa hapa kwetu, na sababu zake ndizo kiini cha somo la leo.

Mdudu aliye ndani ya nyama

Kule ambako agizo hilo lilitoka, hoja yao ni hii: viini vya maradhi hukaa juu ya nyama, mahali palipoguswa na kisu, mikono na nzi. Kipande kizima kisichosagwa huwa safi ndani, kwa hiyo ukikichoma juu kwenye kikaango cha moto, umeua vijidudu. Hoja hiyo ni ya kweli kwa bakteria wengi. Haimgusi tegu.

Tegu wa ng'ombe hukaa katika utumbo wa binadamu. Mayai yake hutoka na choo, na pale ambapo watu hujisaidia vichakani au maji machafu yakamwagwa malishoni, ng'ombe huyala pamoja na nyasi. Ndani ya ng'ombe mayai huanguliwa, watoto wa tegu hupenya utumbo, husafirishwa na damu na kwenda kutulia katikati ya misuli. Huko kila mmoja hujifungia ndani ya kifuko cheupe chenye maji, kidogo kama punje ya mchele au harage dogo. Mtu akila kifuko hicho kikiwa hai, tegu hukua ndani yake kwa muda wa miezi miwili au mitatu na kufikia urefu wa mita kadhaa. Anaweza kuishi humo miaka mingi. Wengi hawaoni dalili yoyote hadi siku wanapokuta vipande bapa vyeupe vikitembea chooni au ndani ya nguo. Aliyeona hivyo aende hospitali. Tiba ipo, na mara nyingi ni dozi moja tu. Afadhali kuliko tegu wa nguruwe, ambaye mayai yake yanaweza kumfanya binadamu apate vifuko hata kwenye ubongo.

Kwa hiyo kuchoma nje ya fileti kwa dakika mbili hakutoshi. Tegu mchanga, kama yupo, yuko ndani, pale pale ambapo kitabu kinataka pabaki pabichi.

Je, mkaguzi wa nyama hafanyi kazi yake? Anaifanya. Kwenye kichinjio hupasua misuli ya taya, hutazama ulimi, moyo na kiwambo cha kifua, kwa sababu vifuko hupenda kukaa huko. Lakini ng'ombe mwenye vifuko vitatu au vinne tu mwili mzima anaweza kupita bila kugunduliwa, hata mkaguzi awe hodari namna gani. Hawezi kuikatakata nyama yote.

Kazi ya muhuri

Asifikiri msomaji kwamba, kwa vile moto humaliza tegu, ukaguzi hauna maana. Kuna ugonjwa ambao mambo yake ni kinyume kabisa, nao ni kimeta. Mbegu za kimeta ni sugu mno, na upishi wa kawaida wa nyumbani haumhakikishii mtu kwamba zimekufa. Tena hatari huanza kabla ya kula, kwa yule anayechinja, anayechuna na anayekata nyama mbichi. Wakazi wa Nakuru wanakumbuka kwamba mwaka wa 2015 kimeta kiliua nyati zaidi ya 100 katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, kando tu ya mji. Ng'ombe aliyejifia mwenyewe haliwi, hata achemshwe kutwa nzima.

Homa ya Bonde la Ufa nayo imepata jina lake huku. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka wa 1931 baada ya kondoo na wanakondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Katika mlipuko wa 2006 na 2007 watu zaidi ya 150 walifariki nchini Kenya. Virusi hivi hufa kwa moto, lakini huambukiza kupitia damu na nyama mbichi ya mnyama mgonjwa, kwa hiyo anayeshika nyama yuko hatarini kuliko anayeila ikiwa imeiva.

Hivyo basi kuna milango miwili, na kila mmoja unazuia adui ambaye mwingine hauwezi kumzuia vyema. Ukaguzi unazuia kimeta na mnyama mgonjwa. Moto unammaliza tegu aliyempita mkaguzi. Mpishi anayefunga mmoja na kuacha mwingine wazi hajafunga nyumba.

Fileti yenyewe huwa haina muhuri. Msuli huu, ambao Pwani huuita sarara, umelala upande wa ndani chini ya uti wa mgongo karibu na figo, na muhuri hupigwa nje ya mzoga. Kwa hiyo usikubali kipande kilichotolewa tu kwenye friji ya bucha ukaambiwa kimetoka kwa ng'ombe aliyekaguliwa. Fika asubuhi, uone mzoga ukiwa umening'inia, utazame muhuri pajani na begani, kisha ukatiwe ukiona. Nyama iliyoletwa ndani ya gunia juu ya pikipiki, hata iwe nusu ya bei, iache iende zake. Ng'ombe mzima ana fileti mbili tu, na hoteli huzigombania, kwa hiyo mwambie mwenye bucha siku kadhaa mbele. Usiwe na wasiwasi akikuambia kwamba ni ng'ombe wa maziwa aliyezeeka kutoka Bahati au Molo. Msuli huu haufanyi kazi nzito, hivyo hubaki laini hata kwa ng'ombe mzee.

Ukiwa na friza nzuri, kuna kinga ya ziada. Vifuko vya tegu hufa nyama ikigandishwa kwa nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku zisizopungua 10. Friza ya kawaida inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri inafaa. Kile kijisanduku cha barafu ndani ya friji ndogo hakiaminiki. Nunua fileti majuma mawili kabla ya karamu, igandishe, kisha iyeyushe ndani ya friji kwa saa 24 ikiwa juu ya sahani yenye kina, ili maji yake yasidondokee mboga. Isiyeyushwe juu ya meza ya jikoni wala ndani ya karai la maji ya moto.

Mahitaji kwa watu 8

Fileti ya kilo 1, iliyosafishwa utando wake mweupe. Unga wa ngano gramu 250 na siagi gramu 180 kwa pestri, chumvi nusu kijiko cha chai, maji baridi sana kiasi cha nusu kikombe. Uyoga gramu 300, kitunguu kimoja, punje mbili za kitunguu saumu, pilipili manga, haradali kijiko kimoja cha mezani, kiini cha yai moja. Na chapati za maji mbili au tatu, nyembamba kabisa, za unga, yai na maziwa.

Chapati za maji zitamshangaza anayelijua pishi hili, maana siku hizi wengi hutumia nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba. Zile za maji ni mtindo wa zamani, hunywa unyevu wa nyama usilowanishe pestri, hazina chumvi nyingi, na mgeni Mwislamu atakula bila kuuliza.

Uyoga uwe wa kununua. Ule unaochipuka msituni baada ya mvua usiuguse kama huna hakika kamili, kwa kuwa sumu ya baadhi ya aina haiondoki kwa kupikwa. Ukatekate mdogo mdogo pamoja na vitunguu, uukaange kwa kijiko cha mafuta hadi maji yake yote yakauke na ubaki kama rojo nzito. Usiharakishe hapa. Maji yakibaki, pestri itakuwa uji.

Pestri na chapati ni ndugu

Anayejua kusokota chapati ameshaelewa nusu ya pestri. Chapati hupakwa mafuta, hukunjwa na kuzungushwa ili tabaka zisishikane. Pestri ni vivyo hivyo, ila mafuta yake hayaruhusiwi kuyeyuka kabla ya kuingia motoni. Siagi ikiwa ngumu ndani ya oveni, maji yaliyo ndani yake na ndani ya unga hugeuka mvuke na kuinua tabaka moja moja. Ikiwa imeshayeyuka, hunyonywa na unga, nawe utapata kitu kama biskuti nzito.

Chukua robo ya siagi uisugue kwenye unga wenye chumvi, tia maji kidogo kidogo hadi upate donge, lifunike ulipumzishe ndani ya friji nusu saa. Lisukume liwe mstatili. Siagi iliyobaki ikate vipande vyembamba, ipange juu ya theluthi mbili za mstatili, kunja theluthi tupu kwanza, kisha ile nyingine juu yake, kama barua. Geuza upande, sukuma tena, kunja tena. Rudia mara nne, na kati ya kila mara donge lirudi kwenye friji kwa dakika 20. Siagi ikianza kuchungulia na kunata mezani, acha, poza, ndipo uendelee. Kazi hii ifanywe siku moja mbele. Anayependelea pestri ya dukani hajakosea, lakini asome pakiti: nyingi hutengenezwa kwa mafuta yaliyogandishwa kiwandani, na baadhi ya mafuta hayo ni mabaya kwa moyo kuliko siagi.

Motoni

Kausha fileti kwa kitambaa safi, inyunyizie pilipili manga na chumvi kidogo. Kikaango kiwe cha moto sana chenye mafuta kijiko kimoja. Ichome pande zote mpaka iwe kahawia, kama dakika 8 hadi 10. Ipake haradali ingali moto, kisha iache ipoe kwa nusu saa, si zaidi. Nyama iliyochomwa nusu haifai kulazwa hadi kesho ili imaliziwe. Ikishaanza kupikwa, ipikwe siku hiyo hiyo hadi mwisho.

Tandaza chapati za maji zikipandana kidogo, paka rojo la uyoga, weka fileti, viringisha kwa nguvu. Sukuma pestri iwe na unene wa nusu sentimita, ifunge yote, ukiunganisha kingo kwa maji. Mshono uwe chini. Paka kiini cha yai, toboa vitundu viwili vitatu juu vya kutolea mvuke, weka kwenye friji dakika 20.

Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 220 za Sentigredi. Baada ya dakika 15 ipunguze hadi 180, uoke dakika nyingine 30 hadi 35. Pestri ikianza kuwa nyeusi, ifunike kwa karatasi ya foili.

Hapa ndipo msomaji aelewe vizuri. Kitabu cha Ulaya kitakuambia uitoe katikati ikifika nyuzi 52 au 54. Wewe subiri themometa ya nyama ionyeshe 63, kisha uiache mezani dakika 15 kabla ya kukata. Joto litaendelea kupanda nyuzi tatu au nne lenyewe. Tegu mchanga hufa kwenye nyuzi 60, kwa hiyo umempita. Na nyama haijawa kuni: utakuta ina rangi ya waridi hafifu sana na maji yake yangalimo. Tofauti kati ya kitabu na usalama ni nyuzi 10 tu na dakika chache, si ile nyama ngumu ya kijivu ambayo wapishi wa hoteli hupenda kutishia watu nayo.

Kama kuna mama mjamzito mezani, mzee aliyedhoofika, mtoto mdogo au mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua, kipande chake kifike nyuzi 71. Nyama isiyoiva inaweza pia kubeba vimelea vya toksoplazima, ambavyo humdhuru mtoto tumboni.

Themometa ya nyama haipo katika kila nyumba, nayo rangi hudanganya. Asiye nayo asioke fileti nzima. Aikate vipande 8 vya unene wa sentimita tatu, avichome kila upande dakika mbili, avifunge kimoja kimoja na kuvioka kwa nyuzi 200 kwa dakika 25 hadi 30. Vitaiva kabisa, na kwa kweli ni rahisi zaidi kugawa. Njia hii inamfaa hata anayeoka keki kwa sufuria kubwa yenye changarawe, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, mradi moto wa chini usiwe mkali kuliko wa juu.

Stima ikipotea katikati ya kuoka, kama inavyopenda kupotea jioni za sikukuu, usiache nyama ndani ya oveni ukingoje irudi. Joto la vuguvugu ndilo bakteria wanalolipenda. Ikipita nusu saa bila stima, itoe, ikate vipande, umalizie kwenye kikaango juu ya gesi au makaa. Urembo utapotea, chakula kitabaki.

Ubao uliokatia fileti mbichi usikatie kachumbari. Hili linasemwa kila mara na bado husahaulika kila mara, hasa wageni wakiwa wamebisha mlango na mpishi yuko peke yake. Tenga ubao na kisu viwili tangu asubuhi. Mwenye kidonda mkononi avae glavu au amwachie mwingine kazi ya kukata.

Kiasi cha sahani moja

Fileti yenyewe haina mafuta mengi. Mafuta yako kwenye pestri. Kila mmoja wa watu 8 atakula takriban gramu 22 za siagi, na nusu ya hizo ni mafuta ya aina inayopandisha kolesteroli. Mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku anashauriwa asizidishe gramu 22 za mafuta ya aina hiyo, kwa hiyo kipande kimoja kinamaliza nusu ya kiasi cha siku nzima. Kwa karamu ya mara moja kwa mwaka hakuna ubaya. Ubaya ni kuandamanisha kipande hicho na viazi vya kukaanga, mchuzi wa krimu na keki. Weka kando sukuma wiki au maharagwe mabichi kutoka Naivasha, viazi vya kuchemsha na kachumbari yenye ndimu. Mchuzi usitiwe vidonge vya supu, maana vimejaa chumvi, na mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku.

Mwenye ugonjwa wa jongo, ule unaovimbisha kidole gumba cha mguu, achukue kipande chembamba tu na aepuke kukiteremsha kwa bia. Mwenye shinikizo la damu anaweza kula nyama na kuacha nusu ya pestri sahanini. Mwenyeji mwema hatamuuliza.

Kitakachobaki kiingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu kutoka motoni, na kiliwe ndani ya siku tatu. Ukikipasha, kipashe ndani ya oveni au kwenye kikaango kilichofunikwa hadi kiwe moto kabisa katikati. Pestri haitakuwa na mlio wa jana, lakini vipande vyembamba pamoja na chai ya saa nne huliwa kwa furaha na watoto.